Mwandishi Aliyemzika Mjomba Wake Runingani

Wasikilizaji wapendwa, mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Tusimtafutie mwingine. Mwenyewe alikiri, tena hadharani, na kila alipoalikwa kuzungumza na waandishi chipukizi alianzia hapo hapo. Aliwaambia kwamba kazi zake nzuri watazisikia kwa watu, ila ujinga wake afadhali wausikie kwake, maana yeye anaujua vizuri zaidi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuwa akielekea dukani kwa mjomba wake, fundi makochi. Mkononi alishika mkate wa moto uliofungwa kwenye karatasi. Moyoni alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kushukuriwa. Jioni iliyotangulia, runinga ilikuwa imeonyesha sehemu mpya ya vichekesho vyake, na sehemu ile aliiandika kwa ajili ya mjomba. Mjomba aliomba jambo, na mpwa kalitimiza.

Alipopinda kona akaona makochi yametolewa nje ya duka na kupangwa kando ya ukuta. Watu wamekaa, wengine wameinamisha vichwa. Bibi mmoja alikuwa akilia kwa kwikwi, na aliyekuwa akimbembeleza ni mjomba mwenyewe, mzima wa afya, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

Watu walikuwa wamekuja kuhani msiba wa fundi, na fundi ndiye aliyewafungulia mlango.

Leo katika kipindi chetu tunamkumbuka mwandishi wa vichekesho na tamthilia za runinga, aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua mapafu. Wengi mlimjua kwa jina moja tu: Sikio. Mlimjua Sikio kwa vichekesho vya "Bado Miguu", na baadaye mkamjua kwa tamthilia ya "Kurudisha". Vichekesho viliwachekesha, tamthilia ikawaliza. Lakini je, mlijua kwamba kilichomtoa kwenye kicheko kikampeleka kwenye machozi ni ule mkate wa moto wa Jumamosi? Na mtu mwenye akili zake anafikaje mahali pa kumuua mjomba wake halafu akamletea kifungua kinywa?

Turudi nyuma kidogo.

Sikio alilelewa na mjomba wake, kaka mdogo wa mama yake. Mama alifariki mapema, na mjomba, kijana ambaye hata mke hakuwa amepata, akamchukua mpwa na kumlea dukani, katikati ya sponji, springi na vumbi la mbao. Jina la Sikio alimpa yeye. Anasema mtoto alikuwa na tabia ya kukaa nyuma ya makochi na kusikiliza wateja wanavyogombana, kisha jioni anamrudishia mjomba ugomvi wote, sauti kwa sauti, mpaka na kikohozi cha mteja.

Na ugomvi haukukosekana. Wasikilizaji wapendwa, ukweli usemwe: mjomba alikuwa fundi hodari, lakini kuhusu wakati, alikuwa fundi kweli kweli. Ukimpelekea kochi lako, ulikaa sakafuni kwako hadi uzoee. Ukimfuata, alikukaribisha vizuri, akakukalisha kwenye kochi la mtu mwingine, akakwambia kazi imekwisha, bado miguu tu. Watu walikuwa wakija asubuhi na hasira, wanaondoka mchana wameshakuwa marafiki na mwenye kochi walilokalia. Kuna waliooana hapo. Binti wa mjomba anasema wazazi wake wenyewe walikutana hivyo: mama yake alikuja kudai viti, akaishia kubaki navyo.

Sikio alipokuwa mkubwa akawa msaidizi wa mjomba. Siku moja kituo cha runinga kiliagiza kochi la kutumia kwenye mchezo. Sikio akalipeleka. Miguu hakuna. Waigizaji wamejipanga, taa zimewaka, mwongozaji, mama mmoja asiyependa mchezo na muda, anauliza kochi gani hili limelala chini kama mgonjwa. Hapo Sikio akaanza kujitetea. Alieleza safari ya ile miguu: ilivyochongwa, ilivyopakwa rangi, ilivyochukuliwa kwa makosa na mteja wa kabati, yule mteja alivyohama, kabati lilivyotembea kwa miguu isiyo yake. Alitia chumvi hadi chumvi ikaisha. Akiwa katikati, akagundua studio nzima imenyamaza. Walikuwa wakimsikiliza.

Mwongozaji anakumbuka. Anasema hakuamini hata neno moja, na hakutaka amalize.

Akamwambia, "Kijana, uongo huu ungeuandika?"

Akaenda kuuandika. Mswada wake wa kwanza ulikuwa balaa. Watu wanaingia chumbani, wanaongea, wengine wanaingia, wanaongea, wala hakuna anayetoka. Mwishoni chumba kimejaa kama ghala. Mwongozaji akamuuliza mbona watu wake hawaendi nyumbani.

Sikio akamjibu, "Waende wakakalie nini? Viti vyao viko hapa."

Ndivyo "Bado Miguu" ilivyozaliwa, wasikilizaji wapendwa. Duka moja, fundi mmoja, na wateja wanaosubiri viti vyao. Fundi wa runingani aliitwa Keshokutwa. Alikuwa na upara kama wa mjomba, alijikuna sikio kama mjomba, na visingizio vyake vilikuwa vya mjomba vilivyopigwa pasi. Aliyemwigiza alikwenda dukani kwa mjomba akajifanya mteja, akamsoma mchana kutwa. Mjomba hakujua. Hakuulizwa.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na tulikumbuke vizuri: hakuulizwa.

Mwanzoni mjomba alifurahi. Alibandika picha ya Keshokutwa ukutani, akawa akijisifu kwamba mpwa wake amemwingiza runingani bila yeye kunyanyua mguu. Ila kicheko cha watu ni kama moshi, kikiingia nyumbani hakichagui chumba. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Keshokutwa. Kisha wakubwa. Kisha wateja wapya wakawa wanafika mlangoni, wanamwangalia, wanacheka, wanaondoka na viti vyao vikiwa bado kwenye mkokoteni. Wateja wa zamani walijua kwamba mjomba huchelewa, lakini kazi yake haifumuki. Wapya walijua kuchelewa tu. Jina alilolijenga kwa mikono yake likawa utani wa nchi nzima, na duka likaanza kupwaya.

Siku moja mjomba akamwita mpwa wake. Hakugomba. Alimwambia kwamba amekaa na watu miaka yote hiyo wakimsema mlangoni kwake, na yeye akiwajibu mlangoni kwake, wakamalizana. Sasa anasemwa sebuleni kwa watu asiowajua. Atawajibia wapi?

"Nitoe humo, mwanangu," alimwambia. "Sikuombi kingine. Nitoe humo."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, wewe ungefanyaje? Ungembadilisha fundi awe kinyozi. Ungempa safari ndefu. Ungemfanya siku moja amalize kochi kwa wakati, nchi nzima ikashangaa. Njia zilikuwa nyingi. Mkewe Sikio, ambaye alikuwa fundi wa sauti pale pale kituoni, anasema alimtajia hizo zote. Lakini mumewe alikuwa mwandishi, na mwandishi akiona mlango mkubwa hapiti wa uani. Akaamua Keshokutwa afe. Alimuua vizuri sana: Keshokutwa amekaa kwenye kochi la mteja, kochi limekamilika, lina miguu yote minne, anangoja gundi ikauke, anafumba macho. Gundi inakauka, yeye haamki.

Mkewe alikuwa na hedifoni kichwani siku ya kurekodi. Anasema alisikia studio nzima ikivuta kamasi. Sikio alitoka pale kifua mbele, akiamini amempa mjomba heshima ambayo hakuna fundi makochi aliyewahi kupewa duniani.

Asubuhi akanunua mkate.

Tumeshaona alichokikuta. Wengine walikuja kwa masihara, wapate la kusimulia. Wengine walikuja kwa hofu, wakisema fundi akishaanza kufa runingani, viti vyao viko salama kweli? Wakaanza kuvitambua na kuvivuta. Na yule bibi alikuja kwa dhati kabisa. Alikuwa mteja wa zamani, macho yamefifia, runinga aliisikiliza zaidi ya kuitazama, na alichosikia ni kwamba fundi wake amekufa. Mjomba akamshika mikono akamwambia, "Bibi, ni mimi, niguse." Bibi akamgusa, akalia zaidi.

Sikio alisimama pale na mkate wake. Mjomba akamwona. Akaacha kumbembeleza bibi, akamsogelea mpwa wake taratibu.

"Nilikuomba unitoe," akasema. "Sikukuomba unizike."

Akaingia ndani akafunga mlango, waombolezaji wakiwa nje. Na mkate ukagawiwa kwa waombolezaji, kwa sababu Sikio hakujua aufanye nini.

Kuanzia hapo mjomba hakumsemesha. Akimwona njiani, anapita kama anapita nguzo ya umeme. Sikio alituma watu, mjomba akawapokea vizuri na kuzungumzia hali ya hewa. Kwa Sikio hili halikuwa jambo la kununiwa na ndugu tu. Huyu ndiye aliyekuwa baba yake, na ndiye aliyekuwa mama yake. Hakuwa na mwingine wa kurudi kwake. Kituo kikamtaka amrudishe Keshokutwa, aje pacha wake aliyekuwa ng'ambo. Sikio akakataa. Akakaa bila kuandika, jambo ambalo mkewe anasema lilimtisha kuliko mimba aliyokuwa nayo.

Na hapa kuna kisa kidogo ambacho familia mpaka leo haijakubaliana maana yake. Mkewe alipokaribia kujifungua, kililetwa kiti nyumbani kwao. Kiti kidogo cha mtoto, kitambaa cha buluu, mishono imenyooka, miguu yote minne. Hakikuwa na salamu. Aliyekileta akasema ametumwa tu. Na kiti kilifika kabla ya mtoto! Mjomba, ambaye hakuwahi kumaliza kitu kwa wakati tangu aliposhika nyundo, alikuwa amemaliza kiti mapema. Je, ulikuwa msamaha? Au ilikuwa njia ya kumwonyesha mpwa kwamba yule Keshokutwa hakuwa yeye? Sikio alikizunguka kile kiti siku nyingi kama mtu anayetafuta ufa. Kisha akaketi sakafuni kando yake akaanza kuandika tena.

Alichoandika ni "Kurudisha". Ndiyo, wasikilizaji wapendwa, tamthilia ile ile. Fundi amekufa, duka limejaa viti vya watu, na mwanagenzi wake anavikamilisha kimoja kimoja na kuvirudisha kwa wenyewe. Kila nyumba anayoingia ina hadithi yake: huyu alishasahau kiti, huyu aliyekuwa akikikalia hayupo tena, huyu amekuwa akipita nje ya duka kila siku ili tu akione. Hakuna kichekesho. Kituo kilitishika. Mwongozaji akamwonya kwamba watu wamezoea kucheka naye, akiwaliza hawatamsamehe.

Sikio akamwambia, "Mimi natafuta mmoja tu anisamehe. Hao wengine watanidai baadaye."

Huyo mmoja alikuwa akitazama? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Nyumbani kwa mjomba runinga ilikuwa imegeuziwa ukuta. Lakini kinyozi wa jirani alikuwa na runinga yake, na kinyozi alikuwa na mdomo. Alieleza kwamba kila wiki, tamthilia ikianza, fundi makochi huja kusimama mlangoni. Akiulizwa, anasema anangoja zamu ya kunyolewa. Na kichwa chake, wasikilizaji wapendwa, hakikuwa na unywele hata wa dawa.

Ikafika sehemu ya mjane. Mwanagenzi amebeba kiti cha mjane, anabisha hodi, mlango unafunguka, na hapo hapo sehemu inaisha. Kesho yake mchana, mlinzi wa kituo cha runinga akampigia Sikio simu kwamba kuna mzee langoni, hataki kuingia, hataki kuondoka. Sikio akashuka mbio. Alikuwa mjomba, amevaa shati la kutokea, amenuna mpaka masikioni.

Hakusalimia. Akauliza, "Kile kiti cha yule mama. Anakipokea au hakipokei?"

Mkewe Sikio alikuwa amemfuata mumewe, naye ndiye anayesimulia yaliyofuata. Mpwa akamtazama mjomba wake machoni akamwambia kwa heshima zote:

"Njoo wiki ijayo, mjomba. Bado miguu."

Mlinzi alidhani watapigana. Halafu mabega ya mjomba yakaanza kutikisika. Akacheka, akashika lango, akacheka mpaka mlinzi akamletea maji. Sikio alipoanza kuomba radhi, akisema aliandika bila kumuuliza na hilo ndilo kosa lake, mjomba akamkatiza. Akamwambia hata angemuuliza, angemwambia arudi kesho.

Tangu siku ile, Sikio hakuandika kitu bila kwanza kwenda kumsomea mjomba. Na usomaji wenyewe ulikuwa kituko. Mafundi makochi huweka misumari mdomoni, mikono ibaki huru. Kwa hiyo mjomba alikuwa akisikiliza midomo imefumba, anagongelea kitambaa, hasemi neno. Sikio anasoma. Nyundo ikiendelea kugonga, maneno yanabaki. Nyundo ikisimama, anafuta. Mjomba akitoa msumari mmoja mdomoni, kuna neno limemchoma, na hapo wanakaa kulizungumza. Sehemu za vichekesho mkewe Sikio aliwakataza kabisa kusoma namna hiyo. Alisema hataki kuzika mtu kwa kucheka na misumari.

Alifundisha hivyo hivyo waandishi wengi mnaowasikia leo. Aliwaambia, mtu ukimchukulia maneno yake, au upara wake, au kikohozi chake, nenda kamsomee kabla nchi haijamsikia. Akikasirika, heri akukasirikie mlangoni kwake. Wapo waliomwona mzee mwoga. Mmoja akamuuliza, je, mtu huyo akikataa? Sikio akamwambia basi utalazimika kubuni, na si ndiyo kazi uliyoiomba?

Siku za mwisho pumzi zilikuwa chache. Hakuweza kusoma kwa sauti. Mjomba, ambaye sasa ni mzee kabisa, alikwenda kukaa naye, na kwa kuwa hakujua kusoma haraka, alimsomea yeye miswada yake neno kwa neno, akijikwaa. Mkewe anasema mgonjwa alifumba macho, na mahali palipochosha alinyoosha kidole, ikawa ishara ya kufuta. Alifuta karibu nusu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki, tunampa pole mjane wake, fundi wa sauti aliyetusaidia sana kukamilisha simulizi hii. Tunawapa pole watoto wake, binamu zake, waigizaji na mwongozaji wake. Na zaidi ya wote tunampa pole mjomba, aliyemlea mtoto wa dada yake, akamwona anakua, na sasa mtoto huyo amemtangulia. Mungu awape subira.

Na sisi tuliobaki tujiulize kidogo. Kila mmoja wetu anasimulia watu. Tunawasimulia kazini, kwenye simu, mezani, tukitafuta kicheko. Ni yupi kati yao ambaye tungethubutu kumsomea usoni tunayoyasema?

Kuna jambo la mwisho, nalo lilitokea juzi tu. Kituo cha runinga kimeamua kurudia "Bado Miguu" yote kumuenzi marehemu, na mwongozaji alikwenda nyumbani kwa mjomba kuomba ridhaa. Safari hii wameuliza. Binti wa mjomba akasema sawa, ila ile sehemu ya kifo cha Keshokutwa waitoe. Baba yake aliaibishwa mara moja, inatosha, na si heshima kumkumbuka marehemu kwa kosa lake kubwa. Mwongozaji akasema kazi ya mtu haikatwi vipande. Binti akasema baba yake si kazi ya mtu. Mjane akajaribu kuwatuliza, wakazidi kupanda. Mzee alikuwa kando, anashona foronya ya mto wa kochi, hata hakuinua kichwa mpaka uzi ulipokwisha. Akaukata kwa meno.

"Onyesheni na hiyo," akasema. "Mkimtoa makosa yake, mtakuwa mnamkumbuka nani? Mimi malaika sikulea."